Spika za Zamani au za Kisasa? Mwongozo wa Mnunuzi wa Sebuleni

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya kanda ya Maxell ilitoa tangazo ambalo wapenzi wa muziki wanalikumbuka mpaka leo. Mwanamume amejilaza kwenye kiti cha ngozi mbele ya spika moja, na sauti inayotoka humo imemvumia kwa nguvu hata nywele, tai na taa ya mezani vimelala nyuma. Kilichokuwa kikiuzwa ni kanda, lakini kilichobaki vichwani mwa watu ni spika. Ilikuwa JBL L100, iliyoingia sokoni mwaka 1970 ikiwa toleo la nyumbani la spika ya studio iliyoitwa 4310.

Mwaka 2018 JBL iliirudisha kwa jina la L100 Classic. Zikisimamishwa pamoja, mpya na ya zamani, mgeni atadhani ni ndugu wa tumbo moja: mbao ya rangi ya jozi, wufa (spika ya besi) ya inchi 12, na ule uso wa sponji uliochongwa vijisanduku. Zikifunguliwa, undugu unaisha. Kwenye ile ya 1970 wufa iliunganishwa moja kwa moja na amplifaya bila krosova yoyote, yaani kichujio cha kuigawa sauti. Wahandisi waliiacha koni ichoke yenyewe kadiri sauti inavyopanda. Twita yake, ile spika ya sauti za juu, ilikuwa koni ndogo ya karatasi. Ile mpya ina krosova kamili, na twita yake ni kuba la titani la milimita 25. Sura moja, spika mbili.

Ndiyo maana swali la "zamani au kisasa?" halijibiki kwa neno moja. Ndani yake kuna maswali matatu: muundo upi ni bora, kifaa chenyewe kiko katika hali gani leo, na kitakaa katika chumba gani kikiendeshwa na amplifaya ipi. La kwanza ndilo linalobishaniwa vijiweni. La pili ndilo linalomaliza pesa za watu.

Sheria isiyozeeka

Mwaka 1954, huko Cambridge, Massachusetts, Edgar Villchur na Henry Kloss walianzisha kampuni ya Acoustic Research. Kabla yao, aliyetaka besi ya kina alihitaji kasha la ukubwa wa kabati. Villchur aliliziba kasha kabisa, akaacha hewa iliyofungiwa ndani ifanye kazi ya springi inayoirudisha koni mahali pake. Kasha likapungua mara kadhaa na besi ikabaki. AR-3 ya mwaka 1958 iliongeza twita na spika ya kati za umbo la kuba, mtindo ambao leo umeenea kila mahali, na AR-3a ikafuata mwaka 1967: sentimita 63 kwa kimo, uzito wa kilo 24 hivi. Kampuni ilijiamini kiasi cha kuwaalika wanamuziki wa Fine Arts Quartet wapige jukwaani, kisha katikati ya wimbo waache kupiga huku kanda iliyorekodiwa ikiendelea kupitia spika. Wasikilizaji wengi hawakutambua ni wakati gani mabadiliko yalitokea.

Gharama ya ustadi huo ilikuwa umeme. Josef Anton Hofmann, mwana wa mpiga piano maarufu Josef Hofmann na mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya KLH mwaka 1957, aliliweka jambo hili katika hesabu ambayo mafundi wa spika wanaiita sheria ya chuma. Kasha dogo, besi ya kina, na sauti kubwa kwa umeme kidogo: mtengenezaji achague mawili, la tatu atalikosa. Haijapata kuvunjwa, si mwaka 1960 wala mwaka huu.

Mnunuzi anaiona sheria hiyo kwenye namba moja ya karatasi ya maelezo, yaani unyeti: ni desibeli ngapi zinazosikika kwa umbali wa mita moja spika ikipewa wati moja. Klipschorn, iliyobuniwa na Paul Klipsch huko Arkansas mwaka 1946, ni kubwa kama kabati la nguo na hutumia kona ya chumba kuwa sehemu ya tarumbeta lake. Kampuni inaitaja kuwa na desibeli 105. LS3/5A, spika ndogo iliyobuniwa na wahandisi wa BBC miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, ina kasha la lita 5 hivi na unyeti wa desibeli 82 na nusu. Kila desibeli 3 zinataka wati mara mbili, na kila desibeli 10 zinataka wati mara kumi. Ili LS3/5A ifikie sauti ambayo Klipschorn inaitoa kwa wati moja, itahitaji zaidi ya wati 150, na koili zake, yaani waya zinazoisukuma koni, zitakuwa zimeungua kabla ya kufika huko.

Spika ndogo za kisasa zenye amplifaya ndani yake hazikuivunja sheria hii. Zimeamua tu kuilipa kwa wati. Kompyuta iliyomo ndani huisukuma koni ndogo kwa nguvu kwenye besi, na mtu anapoongeza sauti huipunguza besi kimyakimya ili koni isipasuke. Mwenye spika ya Bluetooth anaweza kulithibitisha hili leo hii: aweke wimbo wenye besi nzito, apandishe sauti taratibu, asikie besi ikibaki nyuma. Kuhusu zile sabufa za sokoni zenye kibandiko cha "wati 10,000 PMPO", namba hiyo haina maana yoyote ya kihandisi. Waya wa ukutani wenyewe hauwezi kupitisha umeme wa kiasi hicho.

Elimu iliyoongezeka

Kama kanuni za maumbile ni zilezile, wa leo wamewazidi wa jana kwa nini? Kwa vipimo.

Kasha lenye tundu la besi, kwa mfano, lilibuniwa mapema, lakini kwa miongo mingi kulitengeneza kulikuwa nusu hesabu na nusu bahati. Mwaka 1961 mhandisi wa Australia, Neville Thiele, alichapisha njia ya kukokotoa ukubwa wa kasha na tundu kulingana na tabia za wufa, na Richard Small akaikamilisha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kazi ya Thiele ilisambaa duniani pale tu ilipochapishwa upya Marekani mwaka 1971. Kwa hiyo kasha lenye tundu lililotengenezwa kabla ya wakati huo linastahili kutiliwa shaka kidogo: huenda likanguruma kwenye noti moja na kunyamaza kwenye nyingine. Kasha lililozibwa la miaka ya 1960 lina hatari ndogo zaidi, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi na besi yake hupungua polepole badala ya kukatika.

Hatua ya pili ilitoka Ottawa, Kanada. Katika Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo, Floyd Toole aliwaweka wasikilizaji mbele ya spika wasizoziona, akalinganisha alama walizotoa na vipimo vilivyochukuliwa kwenye chumba kisicho na mwangwi. Matokeo yake, yaliyochapishwa katikati ya miaka ya 1980, yaliwashangaza waliodhani kwamba masikio ya watu hayapatani. Macho yakizibwa, watu wengi hupenda spika zilezile: zile zinazotoa masafa yote kwa usawa mbele yake, na zinazotoa sauti inayofanana na hiyo pande zake pia.

Hilo la pande linapaswa kumgusa msomaji wa Afrika Mashariki kuliko wengine. Majarida ya Ulaya huchora msikilizaji mmoja katikati, spika mbili mbele yake, pembetatu iliyonyooka. Sebule ya Temeke au Eastleigh haiko hivyo. Makochi yameegemezwa kwenye kuta tatu, mama mwenye nyumba yuko upande mmoja, wageni upande mwingine, na mara nyingi anayekaa katikati ni meza. Karibu kila mtu anasikiliza kwa ubavu. Spika inayorusha sauti nyembamba kama tochi humfurahisha mtu mmoja na kuwanyima sita. Twita za koni za miaka ya 1960 na 1970 zina tabia hiyo, na ni sababu tosha ya kuziacha hata kama kasha lake linang'aa. Twita za kuba za AR zinasambaza vizuri hata kwa viwango vya leo. Kwa upande wa kisasa, kampuni ya KEF huiweka twita katikati ya koni ya spika kubwa, muundo ilioanza kuutumia mwaka 1988 na ambao umo kwenye LS50 ya mwaka 2012. JBL 305P huizungushia twita bakuli lililochongwa ili kuielekeza sauti. Hiyo 305P ilikusudiwa studio ndogo, ina amplifaya ndani, na bei yake ni ya chini kabisa ikilinganishwa na spika zinazotajwa katika makala haya.

Tahadhari moja kuhusu sifa za studio. Yamaha NS-10M, ile yenye koni nyeupe, ilitoka mwaka 1978 ikikusudiwa nyumba na haikupendwa sana huko. Waliokuja kuing'ang'ania ni mafundi wa studio, kwa sababu iliwaonyesha makosa ya rekodi bila huruma. Uzalishaji ulikoma mwaka 2001 na jina likabaki kubwa. Anayeinunua ili apumzike nayo jioni atakuwa amejiletea mkaguzi ndani ya nyumba.

Kobalti ya Kolwezi

Kuna neno moja linalopandisha bei ya spika za zamani kuliko mengine yote, nalo ni "alnico". Muuzaji akilitamka, sauti yake hubadilika. Alnico ni sumaku ya mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti, na spika nyingi kubwa za Marekani na Uingereza ziliitumia hadi mwishoni mwa miaka ya 1970.

Kilichoiondoa hakikuwa uamuzi wa masikio. Kobalti nyingi ya dunia ilichimbwa Shaba, ile Katanga ya Zaire ambako wachimbaji wenyewe wanazungumza Kiswahili. Waasi waliingia jimboni mwaka 1977, wakarudi Mei 1978 na kuuteka mji wa Kolwezi. Bei ya kobalti ikaruka mara kadhaa. Kampuni za JBL, Altec na Tannoy zikalazimika kuhamia sumaku za feriti, ambazo ni nzito na kubwa lakini malighafi yake ni rahisi. JBL haikubadilisha sumaku tu. Iliusanifu upya mfumo mzima unaoizunguka koili ili kupunguza kasoro ambazo feriti ingezileta, na vipimo vinaonyesha kwamba ilifanikiwa.

Alnico ina udhaifu wake pia: ikipigwa kwa nguvu kupita kiasi, inaweza kupoteza sehemu ya usumaku wake, na spika ikapoteza unyeti. Feriti haiathiriki kirahisi hivyo. Kwa hiyo anayelipa zaidi kwa sababu ya alnico analipia historia, na hakuna ubaya, mradi ajue kwamba ndicho anachokinunua. Tangu miaka ya 1980 kuna neodimi pia, sumaku ndogo yenye nguvu nyingi, ambayo ndiyo iliyowezesha twita kutoshea katikati ya koni nyingine.

Kinachooza na kisichooza

Hapa ndipo mwongozo huu unataka msomaji atulie, kwa maana hasara nyingi hutokea hapa.

Ile pete laini inayoishikilia koni kwenye fremu, ukingo wa koni, hutengenezwa kwa vitu vitatu: sponji, raba au kitambaa kilichopakwa dawa. Sponji ya polyurethane ilienea sana katika miaka ya 1970, 1980 na 1990 kwa sababu ni nyepesi na bei yake ni poa. Lakini inaoza. Hata spika isipowashwa kabisa, ndani ya miaka 10 hadi 20 sponji hunata, kisha hubomoka kuwa unga, na joto lenye unyevu huharakisha kazi hiyo. Mwenye nyumba Tanga, Mombasa au Unguja asihesabu miaka ya Ulaya. Raba ya butyl hudumu zaidi, na kitambaa zaidi ya hapo. Wufa ya L100 ya zamani ina ukingo wa kitambaa. Kinachobomoka kwake ni ule uso wa sponji wa mbele, ambao kazi yake kubwa ni urembo.

Ukingo wa sponji hubadilishika. Pete mpya huuzwa kwa vipimo maalumu, na fundi mtulivu mwenye gundi sahihi humaliza jozi moja kwa nusu siku. Kosa linalofanywa mitaani ni kuziba pengo kwa raba yoyote iliyopo, aghalabu nzito kuliko ya kiwandani. Koni hukaza, besi hupanda juu na kukauka, na mwenye spika huondoka akisema kwamba za zamani hazina lolote. Muulize fundi pete yake inatoka wapi kabla hajashika wembe.

Vya pili kuzeeka ni kapasita za krosova. Zile za elektroliti hukauka, thamani yake huhama, na twita hupoteza uwiano na wufa. Zibadilishwe kwa thamani ileile, upande wa kulia na wa kushoto kwa pamoja, hata kama ni moja tu iliyoonekana mbovu. Kapasita za filamu zitadumu zaidi, ila kwa kuwa ukinzani wake wa ndani ni mdogo, zinaweza kuiongezea twita makali kidogo. Fundi makini huongeza rezista ndogo kulipa tofauti hiyo. Twita nyingi za tangu miaka ya 1970 zina pia kimiminika cha sumaku kinachoipoza koili, nacho hukauka na kuacha ugandaji. Twita ya upande mmoja ikisikika imefifia kuliko mwenzake, mtuhumiwa wa kwanza ni huyo.

Kasha nalo. Spika nyingi za zamani ni za ubao wa chembechembe uliofunikwa mbao nyembamba, na ubao huo ukilowa huvimba na haurudi. Geuza spika, tazama kitako chake. Chungulia kwenye tundu la besi kwa tochi pia, kwa maana mende na mijusi hulipenda.

Dakika ishirini na muuzaji

Anayekwenda kutazama spika za mtumba aende na multimita, betri ya volti 1.5, simu yenye nyimbo anazozijua, na subira.

Aanze kwa vidole. Aweke vidole pande mbili za koni ya wufa na kuisukuma ndani taratibu, kwa usawa. Ikikwaruza, koili imepinda au fremu imeshika uchafu, na pengine spika iliwahi kuanguka. Kwenye kasha lililozibwa kama la AR, koni inayosukumwa na kuachwa inapaswa kurudi polepole. Ikiruka mara moja, hewa inavuja mahali.

Kisha multimita. Spika iliyoandikwa omu 8 huonyesha takriban 5.5 hadi 7 nyuma kwenye vituo vya waya, na ya omu 4 huonyesha 3 na kitu. Sifuri ni shoti. Isiposoma kabisa, waya umekatika. Ila kipimo hicho kinaisoma wufa peke yake, kwa sababu kapasita huuzuia umeme wa moja kwa moja usifike kwenye twita. Kwa twita, weka redio ya FM mahali pasipo na stesheni, sogeza sikio karibu na kila spika iliyomo kwenye kasha, ulinganishe ule mvumo wa kushoto na wa kulia. Vitufe vya kuzungusha vilivyo nyuma ya AR na wenzake vizungushwe mara nyingi wakati huo. Vikikatikakatika, vina kutu, na dawa ya kusafishia kontakti mara nyingi huvirudisha.

Betri ni ya kupima mwelekeo. Iguse kwenye vituo kwa nukta moja tu, chanya kwa chekundu, na koni itaruka mbele. Kwenye JBL za zamani itaruka nyuma, kwa kuwa kampuni hiyo kwa miaka mingi ilifuata kanuni iliyopinduka, na hiyo si hitilafu. Muhimu ni jozi nzima ikubaliane. Zisipokubaliana, mtu fulani alishafungua kasha moja, na inafaa kumuuliza muuzaji alifungua kwa nini.

Spika za umeme tuli kama Quad ya mwaka 1957 ziachwe kwa wenye fundi wake. Zina sauti ambayo wengi hawajapata kuisikia kwingine, lakini ndani zinabeba volti elfu kadhaa kwenye utando mwembamba, na vumbi na unyevu wa pwani ni maadui zake.

Umeme na kuta

Spika isiyo na amplifaya ndani haijali imetoka nchi gani. Amplifaya inajali. Kifaa kilicholetwa kutoka Japani ni cha volti 100, cha Marekani ni cha 120, na kikichomekwa kwenye 230 ya Tanzania au 240 ya Kenya bila transfoma ya kushusha, kitatoa moshi. Spika za kisasa zenye amplifaya ndani zinaingia kwenye hesabu hiyohiyo, na pale umeme unapopanda na kushuka ni lazima ziwe na stabilaiza. Hili ni moja ya mambo machache ambapo spika ya zamani ina faida ya wazi: ikiungua amplifaya, spika inabaki. Spika ya kisasa yenye kila kitu ndani, bodi yake ikifa na kampuni ikawa imeacha kuitengeneza, inakuwa kasha la mapambo.

Wenye amplifaya ndogo za wati 10 au 20 wanahitaji spika yenye unyeti wa desibeli 90 na zaidi, na kwa bei ya chini hizo zinapatikana zaidi upande wa zamani. AR-3a ni ya omu 4 na inakula umeme. Kuifunga kwenye amplifaya dhaifu ni kuichosha amplifaya na kuhatarisha twita, kwa sababu amplifaya inayolia kwa kuzidiwa huunguza twita kuliko wati nyingi zilizo safi.

Halafu kuta. Matofali ya saruji, sakafu ya vigae na dari ngumu hurudisha karibu kila kitu. Katika sebule yenye ukuta wa mita 4, noti ya takriban hezi 43 hujirudia na kuvimba, na ya mita 5 huvimba kwenye 34 hivi. Wufa ya inchi 12 iliyosukumwa kwenye kona itauamsha mngurumo huo mpaka majirani waujue wimbo. Zivute spika sentimita 40 hadi 60 kutoka ukutani, tandika zulia kati yake na makochi, weka mapazia mazito. Kazi hiyo inaweza kubadilisha sauti kuliko tofauti ya miaka 50 ya teknolojia, na inafaa ifanywe kabla ya kununua chochote.

Kuzilinganisha bila kudanganywa

Mwaka 1994 Toole na Sean Olive, wakiwa wafanyakazi wa kampuni ya Harman, walichapisha jaribio ambalo kila mnunuzi angefaa kulijua. Wasikilizaji walewale walizipa spika zilezile alama mara mbili, wakiziona na wasizione. Walipoziona, ukubwa na sura vilibadilisha alama, ingawa waliotoa alama walikuwa watu wa kampuni ya spika.

Kwa hiyo anayelinganisha ya zamani na ya kisasa atumie amplifaya moja na spika moja moja, si jozi. Utafiti wa Toole wa Ottawa ulionyesha kwamba kasoro husikika wazi zaidi spika ikipiga peke yake. Ziwekwe karibu, pazia jepesi mbele ya zote, mtu mwingine abadilishe waya. Ukubwa wa sauti usawazishwe kwa programu ya kupimia desibeli kwenye simu, zisipitane zaidi ya desibeli moja, kwa maana inayolia zaidi kidogo mara nyingi hushinda, hata kama ni mbovu.

Nyimbo zichaguliwe kwa kazi. Besi ya gitaa ya rumba ya Kongo, inayopanda na kushuka hatua kwa hatua, huonyesha kama noti zote zina uzito sawa au kama moja inaruka nje. Ganuni ya taarabu huumbua twita kali. Sauti ya mwimbaji peke yake na udi huonyesha kama kasha linaimba pamoja naye. Kwa santuri za zamani, mambo yanaweza kupinduka. Siti binti Saad alirekodiwa Bombay mwaka 1928, na santuri za enzi hiyo zina sauti chache za juu, ila mikwaruzo tele. Twita laini ya zamani huifunika mikwaruzo hiyo, na ya kisasa huitangaza. Mwenye maktaba ya namna hiyo ana haki ya kuipenda ya zamani bila kuomba radhi kwa mtu.

Njia ya katikati ipo kwa mwenye uwezo: Wharfedale Linton iliyorudi mwaka 2019, KLH Model Five iliyorudi 2021, na hiyo L100 Classic. Ni makasha makubwa ya sura ya zamani yenye hesabu za sasa. Bei yake ndiyo itakayoamua.

Kwa mwenye pesa ya jozi moja tu, asiye na fundi wa kuaminika, anayekaa pwani na ana makochi pande tatu, jibu ni spika ndogo ya kisasa inayosambaza sauti vizuri, pamoja na zulia. Kwa mwenye chumba kikubwa, amplifaya ndogo na subira ya kusubiri jozi yenye ukingo wa kitambaa au raba, ya zamani itampa ukubwa wa sauti ambao bei hiyohiyo haiwezi kuununua dukani leo. Atenge tu pembeni theluthi ya bajeti kwa kapasita na fundi. Na yeyote kati yao akikutana na muuzaji asiyekubali spika zipigwe mbele yake kwa wimbo aliokuja nao mnunuzi, asinunue.